Duara la Phillip Smith

Chukua multimita upime ile antena ya zamani ya televisheni, ya bomba lililokunjwa kama kitanzi, ambayo mafundi huiunga kwa waya bapa. Itasoma sufuri: shoti. Kumbe ikiwa kazini, kwenye masafa yake, ina ohm 300 hivi. Hamia kwenye dipoli ya kawaida, nyaya mbili zisizogusana. Multimita itadai umeme hauna pa kupita, ilhali masafa yake yakifika, antena hiyo ina ohm 73 hivi. Kifaa hakijasema uongo. Kinapima kwa umeme wa betri, na antena haifanyi kazi kwa umeme wa betri.

Kwa mkondo geu, koili na kapasita nazo hukinza, kila moja kwa namna yake, na kiasi hubadilika kadiri masafa yanavyobadilika. Jumla ya ukinzani huo ndiyo impedansi, jina lililotolewa mwaka 1886 na Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kuendesha telegrafu na kuacha kazi ya kuajiriwa akiwa bado kijana. Mume wa ndugu wa kike wa mama yake alikuwa Charles Wheatstone, yule ambaye daraja la kupimia ukinzani linaitwa kwa jina lake, ingawa aliyelibuni, mwaka 1833, ni Samuel Hunter Christie. Ndivyo sifa zinavyogawanywa.

Kupima ni jambo moja, kukokotoa ni jingine. Phillip Smith, mhandisi wa Bell nchini Marekani na mpenzi wa redio za ridhaa, alikuwa akisogeza kipimo kando ya nyaya za antena akitafuta mawimbi yanapopanda na yanaposhuka. Kutoka hapo ilimpasa apitie hesabu ndefu ndipo aipate impedansi. Hesabu zilimchosha, akachora. Baada ya majaribio ya miaka kadhaa, impedansi zote, kuanzia sufuri hadi isiyo na kikomo, zikaenea ndani ya duara moja. Ukingo wa kushoto ni shoti, wa kulia ni waya uliokatika. Juu ni tabia ya koili, chini ya kapasita, na katikati ndipo fundi anapopataka: nguvu yote inaingia kwenye antena, hairudi kitu. Ukisogea nusu ya urefu wa wimbi kwenye waya, umelizunguka duara zima. Jarida la Electronics lilichapisha mchoro huo Januari 1939, na kwa maoni yangu hakuna karatasi iliyowaokolea wahandisi wa redio muda mwingi kuliko hiyo.

Vipimo vyenyewe vilibaki ghali. Mwaka 1967 Hewlett-Packard walitoa mtambo wa 8410, uliojaza rafu na kununuliwa na maabara zenye fedha. Leo kipimo cha NanoVNA, kilichobuniwa Japani na kusambaa sana kuanzia 2019 kwa matoleo ya China, kinakaa mfukoni, hupatikana kwa chini ya dola 100, na kwenye kioo chake kuna duara lilelile.

Ila urahisi huo una mtego. Kabla ya kupima, funga vile vikonekta vitatu vya kusawazishia, yaani wazi, shoti na ohm 50, kimoja baada ya kingine, tena kwenye ncha ile ya kebo itakayoshika antena. Ukiruka hatua hiyo, unachosoma ni kebo yako pamoja na antena, na utakata waya usio na kosa.