Habari za Janjanbureh, Mji wa Kisiwani katika Mto Gambia

Waalimu wengi hufundisha habari za mito mikubwa ya Afrika, kama Nile, Kongo na Zambezi. Lakini mto Gambia hutajwa kwa neno moja tu katika somo la jiografia, kisha hupitwa. Hata hivyo ni mto wenye mambo mengi, na katikati yake kimo kisiwa chenye mji mdogo uitwao Janjanbureh. Habari za mji huo zatufaa sisi watu wa Afrika ya Mashariki kwa sababu tatu. Kwanza, walikaa huko watu waliotolewa utumwani, kama walivyokaa wengine Freretown karibu na Mombasa. Pili, lugha ya huko ilitungiwa kitabu cha sarufi na misionari kabla ya Kiswahili kutungiwa chake. Tatu, masimulizi ya utumwa anayoambiwa mgeni huko yanaleta swali ambalo kila mwalimu wa historia hana budi kulijibu mbele ya wanafunzi wake. Sisi tulipata kuufikia mji huo katika safari, na twapenda kueleza kwa utaratibu tuliyoyaona na yale yanayojulikana kwa hakika.

Mto Gambia watoka katika milima ya Futa Jallon, nchi ya Guinea, ukapita Senegal, kisha ukaingia Gambia na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki penye mji wa Banjul. Urefu wake wapata maili 700. Nchi ya Gambia yenyewe ni ukanda mwembamba tu wa ng'ambo mbili za mto, kwa kuwa Waingereza na Wafaransa walipopatana habari za mipaka mwaka 1889, waliufuata mto jinsi unavyopinda. Kisiwa kiko mbali na pwani, zaidi ya maili 150 ukifuata mto. Urefu wake ni kama maili 6 na upana wake maili moja na nusu. Msomaji atastaajabu kusikia kwamba maji ya mto hupwa na kujaa hata huko, ijapokuwa bahari i mbali hivyo. Lakini chumvi haifiki. Kwa hiyo wanawake hulima mpunga katika mabonde ya kandokando, na viboko huja usiku kuula.

Upande wa kusini tulikuta daraja. Upande wa kaskazini tulivushwa kwa pantoni. Wazee walituambia kwamba zamani pantoni ya kusini haikuwa na mtambo, bali abiria wenyewe walisimama safu moja, wakashika kamba ya chuma na kuivuta mpaka ng'ambo, mkubwa na mdogo pamoja. Mji wenyewe ni mtulivu. Njia zake zimenyoka, nyumba nyingi ni za mabati, na penye ukingo wa mto yamesimama mabohari ya kale yenye kuta nene, mengine hayana paa tena. Mgeni asiyeuliza aweza kuyapita kama magofu ya kawaida. Akiuliza, ataambiwa mambo makubwa, nasi tutayarudia hapa chini.

Tuanze na majina, maana majina ya mahali ni historia kwa ufupi. Wenyeji husimulia kwamba jina Janjanbureh limetokana na ndugu wawili wa kale, Janjan na Bureh. Katika vitabu vya zamani vya Wazungu kisiwa huitwa Lemain. Mwaka 1823 Kapteni Alexander Grant, ambaye miaka saba kabla yake aliuanzisha mji wa Bathurst, yaani Banjul ya leo, alipatana na mtawala wa upande ule, akakitwaa kisiwa kwa Serikali ya Uingereza na kujenga boma. Kisiwa kikaitwa kwa jina la Sir Charles MacCarthy, Gavana wa Sierra Leone, ambaye haukupita muda mrefu akauawa vitani na Waashanti, mwezi wa Januari 1824. Mji ukaitwa Georgetown, kwa heshima ya Mfalme George. Jina hilo lilidumu hata miaka thelathini baada ya Gambia kupata uhuru mwaka 1965. Mnamo mwaka 1995 jina la wenyeji likarudishwa.

Boma lilijengwa kwa makusudi mawili: kulinda biashara, na kuzuia biashara ya watumwa, ambayo sheria ya Uingereza iliikataza tangu mwaka 1807. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata merikebu za watumwa baharini na kuwashusha watu wake Freetown, katika Sierra Leone. Watu walipozidi huko, katika miaka ya 1830 mamia yao walipelekwa Gambia, na wengi wakaletwa kisiwani hapa. Walitoka katika makabila mengi, hawakujua lugha ya nchi, wala hawakuulizwa kama wapenda kuja. Waliondolewa minyororo, ni kweli. Lakini walipewa uhuru kama mtu apewavyo nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine. Maradhi na uhaba viliwapunguza sana. Waliosalia walijenga nyumba, walijifunza kazi za mikono, walisoma, na katika watu wa namna yao wametoka Waaku, ambao kwa muda mrefu walikuwa makarani, waalimu na wafanya biashara wa nchi ile. Wasomaji wa Mombasa na Rabai hawana haja ya kuelezwa zaidi, kwa kuwa Freretown, iliyoanzishwa mwaka 1875, ilikuwa na watu wa hali ile ile, waliotengwa na ukoo wao na kulazimika kuanza ukoo mpya.

Misioni ya Kimethodisti ilifika Gambia mwaka 1821, na upesi ikapeleka kazi yake mpaka kisiwani. Hapa imetupasa kumtaja Robert Maxwell Macbrair, aliyejifunza Kimandinka, lugha kubwa ya mto ule. Mwaka 1837 sarufi yake ya Kimandinka ilipigwa chapa London, na mwaka huo huo Injili ya Mathayo katika lugha hiyo. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilitokea mwaka 1850, miaka kumi na mitatu baadaye. Lakini tusidhani kwamba Wamandinka walingoja misionari ndipo wajue kalamu. Kama Waswahili, walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na vyuo vya Kurani vilikuwako katika vijiji vyao. Mungo Park, aliyekaa Pisania, si mbali na kisiwa hiki, mwaka 1795 ili ajifunze Kimandinka, aliviona vyuo hivyo na kuvieleza.

Kimandinka hakina ngeli kama lugha zetu za Kibantu. Neno halibadiliki mwanzoni, bali huongezwa mwishoni: musoo ni mwanamke, na musoolu ni wanawake. Walakini katika maamkizi tulijiona tuko nyumbani. Mtu huulizwa, Kori tanante? naye hujibu, Tanante. Maana yake ni kwamba tana, yaani shida au baya, halipo. Msomaji atazame neno letu hujambo na jibu lake sijambo: nalo pia lakana kwamba kuna jambo. Basi watu wawili walio mbali hivi, ambao lugha zao hazina udugu wa karibu, wote wameona kwamba njia bora ya kumpa mwenzio habari njema ni kusema kwamba habari mbaya haipo. Tena huulizwa, Suumoolu lee? yaani, Watu wa nyumbani wako wapi? na jibu ni, I be jee, Wapo huko. Neno la amani ni kayira, lililotoka katika Kiarabu kama lilivyotoka neno letu heri.

Desturi ya pili iliyotufurahisha ni ile iitwayo sanawuyaa, ambayo ni utani mtupu. Watu wa majina fulani ya ukoo huwatania watu wa majina mengine, huitana watumwa wao au walafi, wala hakuna anayekasirika. Na penye ugomvi, mtani ndiye aliye na haki ya kuingia kati. Kadhalika Wajola na Waserere ni watani. Mwalimu atokaye kwa Wanyamwezi au Wazaramo angeielewa desturi hiyo pasipo kufafanuliwa.

Tukirudi kwa yale mabohari: zao lililouinua mji ni karanga. Tangu karibu na mwaka 1830 karanga za Gambia zilianza kupelekwa ng'ambo, nazo zikawa mali kuu ya nchi. Wakulima wageni walitoka nchi za juu kila masika, wakapewa shamba na mwenyeji, wakamlipa kwa siku za kazi, kisha wakarudi kwao na faida yao. Makampuni ya Kiingereza na ya Kifaransa yalijenga maghala kandokando ya mto, na mashua zikashuka zimejaa. Lakini mji uliolelewa na mto hudhoofika mto ukiachwa. Barabara zilipotengenezwa, mizigo ilihamia kwenye magari, na soko kubwa la nchi za juu likawa Basse. Meli ya abiria iitwayo Lady Chilel Jawara, iliyokuwa ikipanda na kushuka mto, ilizama mwaka 1984. Mji ukabaki na ofisi za Serikali, gereza, na shule ya Armitage, ambayo ilianzishwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya wana wa wakuu, nayo imewalea viongozi wengi wa Gambia.

Sasa twafika penye swali letu. Mgeni hupelekwa kwenye gofu moja la ukingoni, akaambiwa kuwa ni Nyumba ya Watumwa: hapa walifungwa, hapa walilishwa, hapa walishushwa majini. Wageni wengi hulia, nasi hatuwacheki. Lakini wanahistoria wameonyesha kwamba kuta zile ni za ghala la biashara lililojengwa baada ya biashara ya watumwa kukomeshwa, na mji wenyewe, kama tulivyosema, ulianzishwa mwaka 1823 na watu waliokuja kuizuia. Jambo hili si la Gambia peke yake. Huku kwetu Unguja mgeni huonyeshwa vyumba vya chini ya nyumba iliyo karibu na kanisa kuu. Nako wako wanahistoria wanaosema kwamba nyumba ile ilijengwa na misioni baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873.

Je, mwalimu aseme nini? Wengine husema, Acha, hata kama kuta si zenyewe, habari ni ya kweli. Sisi twaona sivyo. Mwanafunzi akigundua siku moja kwamba aliambiwa uongo juu ya ukuta, atashuku na minyororo pia. Na wako watu wanaotamani sana aishuku. Wala hapana haja ya ukuta wa bandia, kwa maana ushahidi wa kweli upo. Mungo Park aliporudi Gambia mwaka 1797 alifuatana na msafara wa watumwa waliotembezwa kwa miguu kutoka nchi za ndani. Kisha yeye mwenyewe aliondoka katika mto huu kwa merikebu ya Kimarekani iitwayo Charlestown, iliyopakia watumwa 130 mtoni hapa na katika kisiwa cha Gorée, naye akawatibu njiani. Haya aliyaandika kwa mkono wake, hesabu na yote. Maji yaliyowabeba ndiyo yale yale yanayopita mbele ya gofu.

Kuna na mti uitwao Mti wa Uhuru. Husimuliwa kwamba mtumwa aliyetoroka, akauvuka mto na kuugusa, alikuwa huru, na jina lake likaandikwa. Masimulizi haya yana msingi ulio imara zaidi. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Uingereza tangu mwaka 1834, na kisiwa kilikuwa koloni, hali ng'ambo zote mbili zilikuwa chini ya watawala wengine. Huko Serikali ilikwenda polepole: sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ilitolewa mwaka 1894, na utumwa wenyewe haukuondolewa kabisa katika sheria mpaka mwaka 1930. Basi kwa muda mrefu upana wa mto ulikuwa ndiyo tofauti kati ya mtumwa na mtu huru, na kuogelea kule kulikuwa na mamba. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoro wa kwetu waliokimbilia Rabai, mpaka mwaka 1889 zaidi ya watu 1,400 wa pale na wa misioni nyingine za pwani walipokombolewa kwa fedha na kupewa karatasi za uhuru.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa waalimu wenzetu. Mapokeo ya wazee yasikilizwe kwa adabu na kuandikwa kama yalivyosemwa. Kisha yapimwe kwa tarehe, kwa majengo na kwa maandiko. Yaliyo imara yafundishwe bila woga. Yaliyo dhaifu yafundishwe pia, lakini kwa jina lake: haya ndiyo yanayosimuliwa, na hizi ndizo sababu watu wamependa kuyasimulia. Kila wilaya yetu ina pango, mwembe au gofu lenye hadithi ya namna hii, na wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka. Afadhali kazi hiyo ianzwe na mwalimu wa kijiji, anayewajua wasimulizi kwa majina na aijuaye lugha yao, kuliko kungojewa mgeni mwenye daftari na siku mbili za kukaa.