Protini rekombinanti za binadamu

Protini rekombinanti za binadamu ni protini zinazotengenezwa nje ya mwili wa mtu. Jeni ya binadamu hupachikwa ndani ya seli ya kiumbe kingine, au seli ya binadamu inayokuzwa maabara, na seli hiyo huifuata jeni kama maelekezo na kuzalisha protini kwa wingi. Jina latokana na kuunganishwa upya kwa DNA: kipande cha jeni hukatwa kwa vimeng'enya, huunganishwa na duara dogo la DNA liitwalo plazimidi, kisha huingizwa katika seli mwenyeji. Mara nyingi mwishoni mwa protini hubandikwa mkia mfupi wa asidi amino sita za histidini. Mkia huo hunasa kwenye nikeli, na kwa njia hiyo protini inayotakiwa hutengwa na maelfu ya protini nyingine za seli.

Iliyotangulia kuwa dawa ni insulini. Wenye kisukari walikuwa wakitegemea insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe, ambayo katika asidi amino zake 51 hutofautiana na ya binadamu kwa asidi tatu na moja, kwa mpangilio huo. Mwaka 1978, huko California, jeni ya insulini ya binadamu ilifanya kazi ndani ya bakteria *E. coli*, na mwaka 1982 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana na kazi hiyo.

Bakteria hawawezi kila kitu. Protini nyingi za binadamu hubandikwa sukari na kufungwa kwa vifundo vya salfa ili zikunjike sawasawa, na isiyokunjika vizuri haishikani na mwenzake, hata kama asidi amino zake ni sahihi zote. Ndiyo maana erithropoietini, homoni inayochochea utengenezaji wa seli nyekundu za damu, huzalishwa katika seli za hamsta wa China, na watafiti wengi hutumia seli za figo za binadamu za aina ya HEK293, zinazokuzwa maabara tangu 1973.

Katika utafiti, thamani kubwa ya protini hizi ni kwamba humwezesha mtafiti kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Uso wa seli nyekundu ya damu una protini nyingi zilizosongamana. Ukiitazama seli nzima, ni vigumu kujua kimelea cha malaria kinamshika nani mlangoni. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walitengeneza protini za uso huo moja moja katika seli za HEK293, wakazikutanisha na RH5, protini ambayo kimelea cha malaria *Plasmodium falciparum* hakiwezi kuishi bila yake. Ilishikana na moja: basigini. Walipoweka basigini rekombinanti huru kati ya vimelea na seli, au kingamwili zinazoziba basigini, vimelea vilishindwa kuingia, na jambo hilo lilijirudia katika kila aina ya kimelea waliyoijaribu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini protini ya mtu inafaa kutengenezwa maabara.

Njia hiyo ya kutengeneza protini maabara, safari hii protini ya kimelea chenyewe, imefika Tanzania. Chanjo iitwayo RH5.1, ambayo ni RH5 iliyozalishwa katika seli za nzi wa matunda na kuchanganywa na kichocheo cha kinga cha Matrix-M, ilijaribiwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara huko Bagamoyo kwa watu wazima na watoto wa miezi 5 hadi 17. Awali jaribio jingine hapohapo Bagamoyo lilitumia jeni ya RH5 iliyobebwa na virusi visivyo na madhara, na watoto wachanga walitoa kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Wingi huo ni wa lazima, kwa kuwa kimelea hukamilisha uvamizi wake ndani ya dakika moja hivi, na kingamwili chache huchelewa.

RTS,S na R21, chanjo zinazotumika tayari barani Afrika, hulenga kimelea kabla hakijatoka kwenye ini. RH5 hulenga hatua ya damu, ile inayoleta homa. Tofauti hiyo ina uzito mahali kama Kalemela, kata ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye malaria nyingi, na mtoto wa huko huumwa na mbu tena na tena. Kimelea kimoja kilichoponyoka kinga ya ini kinatosha kuanzisha ugonjwa. Jaribio la awamu ya pili la RH5.1 lilifanyika Burkina Faso, na mwaka 2024 iliripotiwa kwamba ufanisi ulifikia takribani asilimia 55 katika miezi sita ya ufuatiliaji kwa watoto waliopewa dozi ya tatu kwa kuchelewesha.