Wamormoni: Maisha ya Kila Siku katika Familia Yenye Watoto Wadogo

Mama mmoja wa kigango chetu hapa Matongo alitusubiri baada ya Misa ya kwanza akiwa na neno moyoni. Binti yake alivuka mpaka wa Sirari kwenda Nairobi kutafuta kazi, akaipata kwa familia yenye watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka tisa na mdogo akiwa bado ananyonya. “Baba Paroko,” alituambia, “watu wale hawanywi chai. Na Jumatatu jioni nikimpigia simu mwanangu hapokei, anasema ndio wakati wa familia. Ni Wamormoni. Je, hao ni Wakristo? Na mwanangu aendelee kukaa huko?”

Tulimjibu kwa ufupi siku ile. Kwa kuwa vijana wengi wa parokia zetu za Tarime na Serengeti huenda mijini kwa kazi na masomo, na huko hukutana na watu wa imani hii, tumeona vema kueleza jambo hili kwa urefu, tukianzia nyumbani mwao, maana ndipo wanapofahamika vizuri zaidi.

Jina kamili la jumuiya yao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, nchini Marekani. Smith aliuawa na kundi la watu mwaka 1844, na miaka mitatu baadaye wafuasi wengi wakiongozwa na Brigham Young walifika mahali palipo leo Salt Lake City, ambapo ndipo makao yao makuu. Huitwa Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni, ambacho wao hukihesabu kuwa Maandiko Matakatifu sambamba na Biblia. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 2000. Wenyewe hupendelea kuitwa kwa jina lao kamili. Sisi tunatumia jina fupi kwa kuwa ndilo linalojulikana kwa waamini wetu, wala si kwa dharau. Nchini Kenya walitambuliwa kisheria mwaka 1991, na Tanzania mwaka uliofuata.

Katika nchi ya Wakurya, ambako boma la wake wengi si jambo la kusimuliwa bali la kuonekana kwa macho, wapo waliosikia kwamba Wamormoni huoa wake wengi, na wengine wakaipenda dini hiyo kwa sababu hiyo tu. Ni kweli kwamba viongozi wao wa kwanza walifanya hivyo. Lakini mwaka 1890 aliyekuwa rais wao, Wilford Woodruff, alitangaza kuachwa kwa desturi hiyo, na leo mwenye kuoa mke wa pili hufukuzwa katika kanisa lao. Vikundi vichache vinavyoendelea na ndoa za mitara vilijitenga nao zamani. Anayetafuta kibali cha ndoa ya mitara kwao atarudi mikono mitupu.

Sasa tuingie nyumbani. Siku katika familia ya namna hii huanza mapema, kama ilivyo katika nyumba yoyote yenye watoto wa shule: viatu havionekani, sare ina doa, mtoto mmoja amegoma kunawa uso. Katikati ya vurugu hiyo wazazi hujitahidi kuwapigisha magoti watoto wote kwa sala fupi, na mara nyingi kusoma aya chache. Tusidhani kuwa ni monasteri. Binti yetu alimsimulia mama yake kwamba asubuhi nyingine sala husemwa na baba huku amembana mtoto mmoja kati ya magoti yake, na mwingine akiwa chini ya meza. Lakini husemwa. Mtoto wa miaka mitatu hupewa zamu yake ya kuongoza, akinong'onezewa maneno na mama.

Mezani hakuna chai ya majani wala kahawa. Wanafuata fundisho la Joseph Smith la mwaka 1833 liitwalo Neno la Hekima, linalokataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Watoto hunywa uji au maziwa. Kwetu, ambako mgeni asiyepewa chai huhesabu kwamba hakukaribishwa, jambo hili huleta aibu ndogo ndogo, na mwamini Mkatoliki anayewatembelea asione ametengwa. Wala asiwalazimishe wao wanapomtembelea. Maji au maziwa yanatosha. Kuhusu pombe, hatuoni sababu ya kuwacheka. Sisi tunaozika vijana wetu tunajua gharama yake.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi watu wazima hufunga milo miwili, na thamani ya chakula kile hutolewa kwa ajili ya maskini. Watoto wadogo hawalazimishwi. Zaidi ya hayo hutoa zaka kamili, sehemu moja ya kumi ya mapato.

Jumapili yenyewe ndiyo siku yenye shughuli nyingi. Tangu Januari 2019 mikutano yao ya kanisani imepunguzwa kutoka saa tatu hadi mbili, kusudi mafundisho zaidi yafanyike nyumbani. Hawana makleri wanaolipwa katika ngazi ya mtaa. Kiongozi wa kundi la mahali, ambaye wao humwita askofu, ni baba wa familia mwenye kazi yake ya kawaida, pengine mwalimu au mhasibu, anayeutumikia wadhifa huo kwa miaka kadhaa kisha akaurudisha. Mvulana wa miaka kumi na miwili aweza kuitwa shemasi, na kijana wa miaka kumi na minane anayetumwa misioni huitwa Mzee. Waamini wetu wasichanganyikiwe na majina hayo: ni yale yale tuliyoyazoea, ila maana ni nyingine. Mke naye huwa na jukumu lake, labda kuwafundisha watoto wadogo au kuwatembelea kina mama wenzake. Hivyo baba na mama wenye watoto wanne wanaweza kujikuta kila jioni mmoja wao yuko kanisani.

Hapo ndipo inapoeleweka Jumatatu iliyomsumbua yule mama. Mwaka 1915 viongozi wao waliagiza wazazi watenge jioni ya kukaa na watoto wao nyumbani, na mwaka 1970 siku ya Jumatatu iliwekwa rasmi kwa makanisa yao yote duniani. Siku hizi familia yaweza kuchagua wakati mwingine unaoifaa, lakini agizo moja limebaki: Jumatatu jioni kanisa lao lisifanye mikutano. Majengo ya ibada hutulia. Askofu wao hamwiti mtu kikaoni, maana naye yuko kwake na wanawe.

Jioni hiyo huimbwa wimbo, husaliwa, mmoja hutoa fundisho fupi, kisha huja mchezo na kitu kitamu. Zamu hubadilishana, nyumba nyingine huwa na karatasi ukutani inayoonyesha nani ataongoza wimbo na nani ataomba. Mtoto wa miaka mitano akitoa “mahubiri” yake juu ya Nuhu, yote husikilizwa hadi mwisho, hata twiga akitajwa mara kumi. Kwa watoto wadogo fundisho halizidi dakika kumi, na wazazi wa Kimormoni wenyewe hukiri kwamba jioni nyingi huishia kwa ugomvi, kicheko au usingizi.

Je, ni Wakristo? Wao wanamkiri Yesu Kristo kuwa Mwana wa Mungu na Mkombozi, na hatuna haki ya kuudharau unyofu wao. Lakini fundisho lao juu ya Mungu si letu. Wanafundisha kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana, zinazoungana kwa nia. Sisi tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu zenye umungu mmoja. Kwa hiyo, ingawa wanapobatiza hutaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, maneno hayo hayabebi imani ile ile. Tarehe 5 Juni 2001 Idara ya Mafundisho Sadikifu ya Kanisa, kwa idhini ya Mtakatifu Yohane Paulo II, ilijibu kwamba ubatizo wao si halali. Jibu hilo halikuwa hukumu juu ya watu. Lilihusu sakramenti.

Yatokanayo ni haya. Mmormoni anayeomba kuingia katika Kanisa Katoliki hupita ukatekumeni na kubatizwa, hapokelewi tu kama ndugu zetu Walutheri. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na Mmormoni anakabiliwa na kizuizi cha tofauti ya dini (kanuni ya 1086), na bila ruhusa ya Askofu ndoa hiyo ni batili. Vijana wasije kwa paroko wiki mbili kabla ya harusi, kadi zikiwa zimeshagawiwa.

Lipo pia jambo linalowaumiza wazazi, nalo lisemwe mapema. Wamormoni huamini kwamba mume na mke wakiunganishwa ndani ya hekalu ndoa yao hudumu hata baada ya kifo, pamoja na watoto wao. Kwa muda mrefu waumini wao wa Afrika Mashariki walisafiri hadi Johannesburg kwa ibada hiyo, mpaka hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025. Hekalu likishawekwa wakfu haliingiwi na asiye mwumini wao mwenye kibali. Maana yake ni kwamba mama Mkatoliki ambaye mwanawe amejiunga nao atakaa nje siku hiyo. Sisi tunaamini, kwa neno la Bwana mwenyewe, kwamba ndoa ni ya maisha haya. Upendo kati ya walio hai na marehemu hatuupotezi, tunauishi katika ushirika wa watakatifu, na kila Novemba tunapobariki makaburi tunauona machoni pa wajane.

Yule mama tulimshauri amwache binti aendelee na kazi, mradi apewe nafasi ya kwenda Misa kila Dominika, na hilo waajiri wake hawakulipinga. Jumatatu aketi nao kwa heshima kama anaalikwa, asikubali kubatizwa tena, na rozari yake aisali chumbani. Mama naye abadilishe siku ya kupiga simu.

Lakini swali lake lilitugeukia sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliita familia Kanisa la nyumbani, ambamo wazazi huwa watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Tumelihubiri neno hilo miaka mingi. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 waliamua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji, na kwa hakika zimelibeba Kanisa letu. Je, tumeiachia familia saa gani?

Hapa kwetu saa hizo ni chache kuliko kwingine. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo nyumba nyingi za Matongo na Nyamongo zinaishi kwa zamu: baba analala mchana, anaamka watoto wakienda kulala. Wachimbaji wadogo nao hawana saa. Mama yuko sokoni au shambani. Mtoto wa miaka sita analelewa na dada wa miaka kumi na simu ya mjomba. Kwa familia hizo jioni mbili zilizobaki ndizo wazazi wote wawili wako nyumbani, nasi tukazihesabu: mazoezi ya kwaya mara mbili kwa wiki, kikao cha WAWATA, kamati ya ujenzi, semina ya wazazi juu ya malezi. Hii ya mwisho tuliiweka saa kumi na mbili jioni. Wazazi walikuja kujifunza malezi, na watoto wakabaki peke yao.

Hatuhitaji kuiga dini ya watu. Sala ya jioni, rozari, Injili ya Dominika ijayo ikisomwa na mtoto aliyejua kusoma juzi, na baraka ya mzazi kwenye paji la uso kabla ya kulala, yote ni yetu toka zamani. Anayefanya zamu ya usiku afanye asubuhi arudipo, kabla watoto hawajaenda shule. Dakika saba zinatosha. Tunachokikosa ni jioni ambayo parokia yenyewe inafunga mlango wake.

Tumelipeleka pendekezo la jioni moja isiyo na kikao kwenye Halmashauri ya Walei, ianze na majira ya Majilio. Wazee wa kanisa wamelipokea, ila wanataka iwe Jumanne, kwa sababu Jumatatu ni siku ya mnada na wengi hurudi wamechelewa. Kwaya imekwisha kuuliza kama mazoezi ya Krismasi yanahesabiwa kuwa kikao. Tumewajibu kwamba yanahesabiwa.