Majira, Malisho na Makutano: Desturi za Ufugaji katika Odyssey ya Homer

Wahakiki wengi wamezoea kukisoma kisa cha Polyphemus, katika kitabu cha 9 cha Odyssey, kama mgongano wa mstaarabu na mshenzi: msafiri mwerevu upande mmoja, na upande wa pili mchungaji asiyejua sheria. Usomaji huo unalitazama jicho moja la jitu hilo na kuisahau kazi ya mikono yake. Makala haya yanadai kwamba jamii za wafugaji alizozibuni Homer zinatofautiana hasa kwa namna kila moja inavyohusiana na majira ya mwaka.

Kwa upande wa ufundi, Polyphemus hana upungufu. Wanakondoo na wanambuzi wake wametengwa kwa umri: waliotangulia kuzaliwa, waliofuatia, na wachanga. Hukama majike kwa utaratibu, kisha huwapelekea watoto wao wanyonye. Nusu ya maziwa huigandisha iwe jibini, na nusu huiweka ya kunywa. Madume hulala uani, nje ya pango. Desturi hiyo ndiyo inayoubeba msuko. Jioni ya mwisho Polyphemus analiingiza pangoni kundi zima, madume pamoja na majike. Odysseus, ambaye ndiye msimulizi, hajui kama ni kwa shaka au kwa agizo la mungu. Asubuhi wenzake wanatoka wakiwa wamefungwa chini ya matumbo ya kondoo dume, huku majike yasiyokamwa yakilia zizini. Desturi ya zizi imevunjwa mara moja tu, na mateka wameokoka.

Upungufu wa Cyclopes uko kwingine. Hawana baraza, kila mmoja ni hakimu wa wake zake na watoto wake. Mvua ya Zeus huwaoteshea nafaka bila jembe, na hakuna msimu unaowalazimisha kutafutana.

Jamii nyingine za kubuni zinaukwepa mwaka kwa njia zao. Katika Libya ya kitabu cha 4, kondoo huzaa mara 3 kwa mwaka, na wala bwana wala mchungaji hakosi maziwa. Kwa Laestrygonians, njia za usiku na mchana zinakaribiana kiasi kwamba mtu asiyelala angepata ujira maradufu, mmoja wa kuchunga ng'ombe na mwingine wa kondoo. Katika kisiwa cha Helios kuna makundi 7 ya ng'ombe na 7 ya kondoo, kila kundi wanyama 50, wasiozaa wala kufa. Kwa mujibu wa wafafanuzi wa kale, Aristotle aliiona hesabu hiyo ya 350 kuwa siku za mwaka wa mwezi. Maana hiyo ikikubaliwa, mabaharia waliokula ng'ombe hao walikula siku, na adhabu yao ikawa kupokonywa siku ya kurejea kwao.

Ithaca ni kinyume cha hayo yote. Eumaeus ana nguruwe majike 600 katika mazizi 12, lakini madume yamebaki 360, kwani wachumba wa Penelope huyala kila siku. Philoetius huwavusha ng'ombe kutoka bara kwa msaada wa wavushaji. Hapa mifugo hupungua, huhesabiwa na kudaiwa; na hapa pia wachungaji wanategemeana.

Umuhimu wa majira unadhihirika zaidi katika Oedipus Tyrannus ya Sophocles, tamthilia ya karne ya 5 K.K. iliyotafsiriwa na Samuel Mushi kama Mfalme Edipode (1971). Mchungaji wa Thebes na yule wa Corinth walichunga pamoja mlimani Cithaeron kwa misimu 3, kila msimu miezi 6, tangu majira ya kuchipua hadi kuchomoza kwa nyota ya Arcturus. Baridi ilipoingia, kila mmoja alirudi kwao. Wanahistoria wanabishana kuhusu ukubwa wa uhamishaji wa mifugo katika Ugiriki ya kale. Hata hivyo, bila desturi hiyo, mtoto aliyetobolewa miguu asingepita kutoka mkono hadi mkono.

Hoja hii ina uzito wa pekee katika Afrika ya Mashariki, ambako watawala wa kikoloni waliwaandika wafugaji kama watu wanaotangatanga bila mpango. Katika maandiko haya ya kale, anayehama kwa majira ndiye anayekutana na wenzake na kufungwa na ahadi. Asiye na baraza ni yule asiyelazimika kuhama.