Kutoka mgodi wa Edison hadi chai ya Keringet

Wengi wanaijua Keringet kwa jina lililo kwenye chupa za maji. Sisi wa Kuresoi Kusini tunaijua pia kwa viazi, pareto na chai. Nilipokwenda nyumbani juzi nilimkuta mjomba, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai, macho mekundu. Hakuwa amelala. Beringi moja inayotosha kiganjani ilikuwa imekwama, rola ikaacha kuzunguka, na mkanda ukaburuzwa juu yake hadi ukachanika.

Mimi ni mtu wa programu, kwetu kitu kikikwama tunawasha upya. Mjomba akacheka: "Majani hayangoji, mpwa wangu."

Ni kweli. Kwa njia ya CTC, ambayo William McKercher aliibuni Assam mwaka 1930, majani hupondwa na kuchanwa, kisha huchachuka kama saa moja hadi mbili yakiwa juu ya mkanda unaokwenda polepole kuelekea kwenye kikaushio. Mkanda ukisimama, kuchachuka hakusimami. Chai iliyopita kiasi hupata bei ya chini kwenye mnada wa Mombasa, na mwisho wa yote anayeumia ni mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma.

Basi nikaanza kusoma: watu wamepambanaje na msuguano huu?

Hadithi ya mkanda wa kisasa inaanza 1891. Thomas Robins, muuzaji wa bidhaa za mpira, alitembelea mgodi wa chuma wa Thomas Edison huko New Jersey. Mawe yalikuwa yanaila mikanda ya pamba haraka mno. Robins aliitazama mikanda iliyokufa akaona jambo: ile ngozi nyembamba ya mpira iliyopakwa juu ilidumu kuliko pamba yenyewe. Mpira unabonyea jiwe likianguka, pamba inakatwa. Akatengeneza mikanda yenye mpira mnene upande unaobeba mzigo. Mwaka 1900 mfumo wake ulipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris.

Mwaka 1907 ikafika zamu ya beringi. Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Sweden. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi unaosogea, hivyo shafti zilipinda na beringi zikafa kila mara. Wingquist alibuni beringi yenye safu mbili za gololi inayoruhusu shafti kuinama kidogo bila kuumia. Mwaka huohuo kampuni ya SKF ikazaliwa.

Mwaka 1966 ripoti ya Peter Jost kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba nchi hiyo ingeokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kama viwanda vingeshughulikia vizuri ulainishaji na uchakavu. Ripoti hiyo ndiyo iliyoupa ujuzi huu jina la tribolojia, kutoka neno la Kigiriki la kusugua.

Kisha 1971, huko Louisiana, Marekani, J.M. Lapeyre akaanzisha Intralox. Familia yake ilitengeneza mashine za kumenya kamba (wale wa baharini), na mikanda ya chuma ilikuwa ikiota kutu. Akaunganisha vipande vya plastiki kwa pini, vikavutwa na meno ya gurudumu kama mnyororo wa baiskeli. Kipande kikivunjika, unabadilisha hicho tu.

Angalieni vizuri: hao watatu wote walianzia kwenye kitu kilichoharibika, wakauliza kimeharibika wapi na kwa nini.

Mjomba naye alifanya hivyohivyo. Angeweza kuweka beringi mpya akaenda kulala. Badala yake aliipasua ile ya zamani. Ndani grisi ilikuwa imechanganyika na vumbi la chai na maji ya kuoshea, kwa sababu sili ilikuwa imechanika. Tena mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Kila ulipoteleza, mtu wa zamu aliukaza kidogo, na kila alipoukaza, mzigo kwenye beringi uliongezeka. Kumbe mkanda ulikuwa unateleza kwa sababu ya unyevu na uchafu kwenye puli ya kuendeshea!

Akasafisha puli, akabadilisha sili, akalegeza mkanda. Mimi nilikuwa nimeshika tochi tu, nikikumbuka ni mara ngapi nimekaza mkanda kwenye programu zangu bila kuitazama puli.