Unapiga Mateke Usingizini? Fahamu Uhusiano Wake na Ugonjwa wa Parkinson

Mtu akiota ndoto, mwili wake hutulia. Ubongo huzima misuli ya mikono na miguu, ndiyo maana hata akiota anakimbizwa na mbwa, anabaki kitandani.

Kwa baadhi ya watu, hasa waliovuka miaka 50, kizuizi hicho huacha kufanya kazi. Wanapiga ngumi na mateke, wanapiga kelele, wengine wanaanguka kitandani au kumuumiza mwenza. Tatizo hili huitwa kwa kifupi RBD, na lilielezwa rasmi mwaka 1986 na madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani.

Linahusianaje na Parkinson?

Sehemu inayozima misuli wakati wa ndoto ipo kwenye shina la ubongo. Kwenye Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya seli za ubongo na kuziharibu. Uharibifu huo unaweza kufika kwenye shina la ubongo miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia watu 1,280 wenye RBD katika nchi mbalimbali. Ilikadiriwa kuwa baada ya miaka 12, zaidi ya asilimia 70 hupata Parkinson au ugonjwa mwingine wa jamii hiyo.

Kwa aliyekwisha kuwa na Parkinson, kuwa na RBD mara nyingi huendana na kumbukumbu kushuka haraka zaidi na matatizo ya kutembea kuongezeka.

Si kila anayeweweseka anaumwa

Kuongea usingizini peke yake si RBD. Msongo wa mawazo, homa kali, kukatika pumzi usingizini na baadhi ya dawa za sonona huweza kuleta hali inayofanana nayo. Jibu la uhakika hupatikana kwa kipimo cha usingizi cha usiku mzima hospitalini.

Nini cha kufanya?

• Mwenza arekodi video kwa simu, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui anachofanya. Mwonyesheni daktari.

• Mweleze daktari kama pia hunusi harufu vizuri, unapata choo kwa shida au mwandiko umekuwa mdogo.

• Ondoa vioo na vitu vyenye ncha karibu na kitanda, na weka godoro sakafuni pembeni. Ikibidi, laleni vitanda tofauti kwa muda.

• Usiache wala kuanza dawa yoyote bila ushauri wa daktari.

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia RBD isigeuke Parkinson. Lakini melatonini au klonazepamu, akiandika daktari, zinaweza kupunguza vurugu za usiku. Na anayejulikana mapema hufuatiliwa kwa karibu, hivyo matibabu huanza dalili za kwanza zinapojitokeza, si baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga.