Wahunzi wa Karagwe

Sisi wa Karagwe na Kyerwa (Kyerwa ilifanywa wilaya mwaka 2012) hatukurithi ufundi wa fedha na vito. Mapambo ya wazee yalikuwa ya chuma na shaba. Waya wa shaba uliletwa na wafanya biashara wa pwani, waliokuwa na kituo chao Kafuro. Chuma kilikuwa cha nchi: huko Katuruka, upande wa Bukoba, kiliyeyushwa tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Stanley naye, mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki, na sanamu za ndege na wanyama za madini. Yasemwa kwamba Ndagara, babaye Rumanyika, alifua chuma kwa mikono yake mwenyewe. Wala si ajabu, maana kati ya alama za ufalme za Bweranyange zilikuwamo nyundo.

Walimu, tazameni jinsi kazi hii inavyofundishwa. Shaba ikipigwa sana hukakamaa. Isiporudishwa motoni hupasuka. Hakuna kitabu kitakachomwonyesha mtu rangi ya moto inayotosha. Sharti asimame kando ya fundi, avukute, aharibu, aanze tena. Hata mtu mzima huanzia mivukutoni.

Kisha majembe na bangili za dukani zikaja, rahisi kuliko za mhunzi. Wanunuzi wakapungua, na mivukuto ikakosa wa kuivuta.